Sungusungu wa Mwilini

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa ufunguo wa stoo ya vyandarua. Mkuu wa Kituo, mtu mrefu aliyezoea kuongea huku anatembea, alinifungulia mlango akasema, "Studio yako hii. Usicheke." Sikucheka. Nilipiga makofi mara moja nikasikiliza. Hapakuwa na mwangwi hata kidogo, maana marobota yalipangwa mpaka darini na yalimeza kila sauti. Nimezunguka sana na mitambo ya redio na ya muziki, Segera, Mombo, Same hadi Moshi, lakini chumba kilichotulia namna ile sijakipata tena.

Kilikuwa kituo kidogo cha utafiti wa afya, nje kidogo ya mji wa Korogwe. Wataalamu wake walitaka kutengeneza michezo mifupi ya redio ya kueleza kinga ya mwili, yaani namna mwili unavyopambana na vijidudu. Waigizaji waliojaribiwa walijikwaa kwenye maneno ya kitaalamu, ndipo wanasayansi wakaamua kujitolea kuigiza wenyewe, jioni baada ya kazi. Mimi niliyeishia kidato cha nne nikawa fundi wao wa sauti.

Vijana wa leo mnaorekodi kwa simu hamjui tabu ya mtu anayesoma. Mwanasayansi ukimpa karatasi anasoma kana kwamba anatetea shahada yake. Isitoshe, walipumulia maikrofoni, na kila herufi p ilipasuka kama puto. Nilikunja waya, nikawamba kipande cha chandarua, nikakisimamisha mbele ya midomo yao. Hicho ndicho kichujio cha pumzi. Nikawaambia, "Msisome. Ongeeni kama mnavyoongea mkila."

Wa kwanza kuelewa alikuwa Mtaalamu wa Mbu, mzee mpole aliyekaribia kustaafu. Yeye aliigiza kimelea cha malaria. Mtu ambaye hakuwahi kumpandishia mtu sauti alikuwa akisogelea maikrofoni na kunguruma, "Naingia kwenye ini, najificha kidogo, halafu mtanijua!" Watoto wa Mkumbara walipomwona akishuka kwenye basi walimkimbilia: "Shikamoo Kimelea!" Naye akajibu, "Marahaba wanangu. Jana mmelala ndani ya neti, au mmeniachia mlango?"

Lakini sauti yetu kubwa ilikuwa ya Daktari Monika, mtafiti wa damu, mwenyeji wa Vugiri. Aliigiza chembe ya kumbukumbu, ile inayobaki mwilini baada ya ugonjwa ili adui akirudi atambulike. Aliifanya kuwa bibi mkorofi asiyesahau sura ya mtu.

Mwanzoni chembe nyeupe za damu tuliziita askari wa mwili, kama vitabu vya shule vinavyosema. Siku ya gulio tukaenda Sindeni, upande wa Handeni, tukafunga spika juu ya gari na kuwasikilizisha watu. Mchezo ulipokwisha, mama mmoja muuza mihogo akainua mkono.

"Nimeelewa. Ila nina swali. Hao askari wakishakukamata humo mwilini, unawapa nini ili wakuachie?"

Gulio zima liliangua kicheko. Daktari Monika naye alicheka mpaka akashika ubavu, lakini tulipokuwa tunarudi akasema, "Tuwaite sungusungu."

Sungusungu, kwa asiyewajua, ni ulinzi wa wanakijiji wenyewe. Usiku wanazunguka, wanamjua nani wa hapa na nani mgeni.

"Sungusungu hawana mafunzo," Mkuu wa Kituo alipinga.

"Hata chembe nyeupe hazijasoma chuo, Mkuu."

Tukarekodi upya michezo yote. Neno lile lilishika kuliko tulivyotarajia. Tulianza kusikia mama akisema mwanawe amepona homa kwa sababu sungusungu wake wako macho.

Kisha Daktari Monika akaanza kuumwa. Viungo vilivimba, uso ukatoka vipele, nywele zikapukutika. Alipopata majibu alikuja stoo, akaketi juu ya robota. "Wangu wamegeuka," alisema. Ugonjwa wenyewe unaitwa lupasi. Kinga ya mwili inaacha kumtambua mwenye mwili, inamshambulia kama mgeni. Kwake ilianzia viungoni na ngozini, ikafika kwenye figo.

Kilichomuumiza zaidi kilikuwa nyumbani Vugiri. Mama yake alikuwa amegombana na mdogo wake, Mama Luiza, juu ya mpaka wa shamba. Binti alipoanza kudhoofika, mama akatangaza mbele za watu kwamba mdogo wake ndiye aliyemroga, akampiga marufuku kukanyaga uani kwake.

"Mama mdogo ndiye aliyenibeba mgongoni," Daktari Monika aliniambia. "Sitaki nife nikiwaacha hawasemezani kwa ajili yangu."

Akaandika mchezo mwingine, wa sungusungu waliompiga mwenye nyumba wakidhani ni mwizi. Tukaurekodi, tukapanda naye Vugiri, nikaufungulia mezani kwa mama yake. Mama alisikiliza mikono ikiwa mapajani, hakukatiza hata neno. Mwishoni akasema, "Nimeelewa, mwanangu. Sasa niambie, nani aliwatuma?"

"Hakuna aliyewatuma, mama."

"Sungusungu hawavunji mlango wa mtu hivihivi. Lazima pana aliyewanong'oneza. Huyo ndiye ninayemsema mimi."

Daktari Monika aliniashiria nizime mtambo. Tulishuka mlima. Tulipofika barabara kuu akasema, "Neno langu mwenyewe hilo. Nilichukua sungusungu nikasahau kuwa wanapokea taarifa."

Aliomba arekodi mara moja tu tena. Siku hiyo aliingia stoo akishikwa mkono, bila karatasi. Mkuu wa Kituo, ambaye sikuwahi kumwona ametulia, alisimama mlangoni hadi mwisho. Daktari Monika alisema, "Mama, ni mimi Monika. Hawa hawakutumwa na mtu. Hakuna aliyenong'ona. Wamekosea wao wenyewe, humu humu ndani yangu. Mama mdogo hayumo, mama. Msamehe, na wewe mwombe akusamehe."

Katikati alikohoa. Nikamwambia tunaweza kurudia kipande hicho.

"Kiache," alisema. "Ajue kweli ni mimi."

Hakujaliwa kuipeleka rekodi hiyo. Alifariki kabla ya kupata nguvu za kupanda Vugiri, na niliipeleka mimi baada ya maziko. Mama yake alisikiliza mwanzo tu, akaniinulia mkono. "Rudisha hapo anaponiita." Nikarudisha. Akataka tena, na tena. Mara ya mwisho aliiacha ikaenda mpaka mwisho. Alijifuta uso kwa pembe ya kitenge, akasema, "Nenda hapo jirani. Mwambie mdogo wangu aje asikilize."

Nilimkuta Mama Luiza ameanika maharage kwenye turubai, anachambua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Nikampa ujumbe. Hakuacha kuchambua.

"Mwambie nashukuru. Spika yako ina sauti, nimeyasikia yote nikiwa hapa hapa. Na yale aliyonitangazia mwanzo nayo niliyasikia. Kijiji kizima kiliyasikia."

Hakuja.

Mradi uliisha. Mkuu wa Kituo alihamishiwa mkoa mwingine, Mtaalamu wa Mbu akastaafu, stoo ikarudi kuwa stoo. Sijafika miaka hamsini, lakini kazi yangu imestaafu kabla yangu. Sasa nafunga spika kwenye harusi, leo Mkata, kesho Mombo. Vijana wakiniuliza la kujifunza, nawaambia neno likipokelewa vizuri usifurahi upesi. Kaa na watu uone limeingia na nini kingine.

Nikipita njia ya Moshi huwa napanda Vugiri kumwamkia mama yake Daktari Monika. Nilimwekea mama ile sauti kwenye simu, na kila jioni anaifungulia barazani, kwa sauti kubwa kuliko masikio yake yanavyohitaji, spika ikielekea kwa jirani. Safari iliyopita nilimuuliza kama sasa anaongea na mdogo wake.

"Bado," alisema. "Ila siku nisipoifungua, anatuma mtu kuniuliza kama naumwa."