Nukta ya Rangi ya Kucha

Hapana, dada, hapo umekosea. Sikupigwa kwa sababu nilitaka vya bei chee. Anayejua kuchagua anaokota kitu cha maana hata kwenye rundo la mitumba, na mi najua kuchagua. Nilipigwa, nikauziwa kibovu, kwa sababu kitu kimoja sikukichagua mwenyewe. Kimoja tu. Nikamwachia mtu ambaye ningempa hata funguo za nyumba hii.

Dada yangu alikuwa anakata mboga wala hakuinua kichwa. "Si ungenunua sufuria kama watu wengine," akasema. Nikatoka nje, maana ningebaki ningeongea ujinga. Basi nawaambia nyie, yeye hakuniacha nimalize.

Rafiki yangu anaoa Jumamosi, Iringa. Mi ndio mpambe wake. Tumekulia kulekule, mtaa wa Mlandege, nyumba kwa nyumba, ukuta mmoja. Mtaani palikuwa na chumba cha gemu, TV moja ya chogo na watoto kibao, na sisi hela yetu ilikuwa inatosha zamu moja. Zamu moja, pedi moja ya kuchezea, watu wawili. Yeye anashika upande wa kushoto, anatembeza kale kajamaa. Mi nashika kulia, naruka na kupiga. Wenzetu walicheka mpaka siku tulipoanza kuwafunga wote. Kidole gumba chake nilikuwa najua kinaenda wapi kabla hakijaenda.

Ndio nikaamua zawadi yake iwe hiyo: kakompyuta ka gemu za kizamani, nimekaunda kwa mkono wangu, unachomeka kwenye TV na zile gemu zetu zote zimo. Sikumwambia. Nilitaka akafungue mbele ya mkewe aniangalie tu.

Ufundi sijasomea popote. Nimejifunza kwa video za kwenye simu na kwa kuunguza vitu vya watu, na leo nina meza yangu sokoni Mwanjelwa, hapa Mbeya. Kwa hiyo vifaa nilivichagua kwa akili. Ganda nilitoa kwenye king'amuzi kibovu, lina matundu ya hewa tayari, na bure. RAM nilichomoa kwenye laptop iliyopasuka kioo, nikasugua meno yake kwa kifutio cha shule. Sehemu ya kuhifadhia, gemu za zamani ni nyepesi, flashi inatosha, anayekwambia ununue diski kubwa ana lake. Chaja nilichukua iliyotumika lakini ya ukweli, niliipima kwa mkono: ikiwa nyepesi kama kiberiti, ujue ndani mna hewa. Pedi nilibonyeza kila kitufe cha kila moja mezani kwa jamaa mmoja anayeuza vya used mpaka akaniuliza, "Kaka, unanunua au unazikanda?" Nikachukua moja. Dada aliona ubahili. Moja ilikuwa makusudi.

Ikabaki bodi, ule moyo wa kompyuta. Za hapa ama bei imesimama ama hujui zimepitia wapi. Na rafiki yangu huyohuyo, bwana harusi, ni fundi kompyuta kule Iringa, anapata za maofisini. Nikampigia.

"Kamwene, mwanangu."

"Kamwene. Nataka bodi ya ile kompyuta ndogo ya ofisini, ile saizi ya Biblia. Nzima."

"Ya nani?"

"Kuna mteja."

"Ninayo moja. Imetoka ofisini juzi, haijaguswa na mkono wa fundi. We nakupa kishkaji."

Jirani yangu wa meza alisikia. Ni mzee anauza chaja na spika, kwao asili ni Tanga, ameanza biashara hapo mi sijazaliwa. Akasubiri nikate simu. "Kijana wangu, huyo mwenzio aliniuzia spika kumi. Saba zilikufa. Mi nakwambia tu, uiangalie vizuri."

Nikawaka. Nilimwambia mbele ya wateja kwamba anamsema mtu ambaye hayupo, kwamba mvi sio leseni ya umbea. Nilisema na mengine. Kuanzia hapo, wiki tatu nzima, nilimpita bila shikamoo. Mtu mzima yule, mita moja kutoka kwangu, asubuhi nafungua meza yangu kama vile pale pamewekwa gunia.

Bodi ikaja na basi, konda kanikabidhi boksi lina namba yangu ya simu kwa makapeni. Nikaijaribu asubuhi tatu mfululizo, ikawaka safi. Hapo nikafanya kosa la watu wa huku. Mbeya mwezi wa saba, asubuhi chuma kinauma vidole. Kitu kinachougua joto kitakaa kizima mpaka saa tano, unakisifia. Mtu wa Ruaha Mbuyuni, kule chini kwenye vitunguu na jua lao, angeigundua kabla chai haijapoa. Mi nikaridhika, nikaifunga kwenye king'amuzi, nikakaza skrubu zote.

Jumapili mchana nikaipeleka sebuleni nicheze kidogo. Kajamaa kakatembea, kakaruka, kakaganda hewani. Kioo kikawa cheusi.

Nikaifungua. Nikang'oa lile bati la kupozea, nikafuta dawa nyeupe ya joto, nikaiona. Nukta nyekundu ya rangi ya kucha, ndogo kama punje ya ulezi.

Ni yangu. Mafundi wengi tunaweka alama kwenye kazi zetu, mteja asije akakubadilishia kifaa akasema ni wewe. Mi natumia rangi ya kucha ya dada. Naweka mbili: moja kwenye pembe, kila mtu anaiona, na moja chini ya bati. Hiyo ya chini sijawahi kumwambia mtu. Hata yeye. Kwa nini nilimficha, mi mwenyewe sijui, na tangu Jumapili najiuliza.

Bodi ile ilitoka kwa mama mmoja mwenye gesti Igawa, mwaka jana. Nilihangaika nayo wiki nzima, ikipata joto inazima. Nikamtafutia mama nyingine, hii nikamtumia rafiki yangu Iringa, na kwenye boksi niliandika kwa herufi kubwa: MZOGA, NYOFOA VIPURI.

Nikaangalia kwenye pembe ya bodi. Ile nukta ya juu haikuwepo. Palikuwa pamekwanguliwa na wembe, taratibu, kwa adabu kabisa.

Nikapiga.

"Ile bodi umeikwangua."

Nikasikia anapunguza redio yake.

"Mwanangu, we si fundi? Nilijua ikikusumbua utaifufua. We hushindwagi."

"Ulisema haijaguswa."

"Harusi, kaka. Ukumbi huku, ng'ombe huku. Ningekwambia ukweli ungeichukua?"

"Nisingeichukua."

"Umeona sasa." Akacheka kidogo, kile kicheko chake cha Mlandege ambacho nakipenda. "Mwambie mteja wako avumilie, namtafutia nyingine."

Mteja wangu. Neno lilinifika mdomoni kabisa, nimwambie mteja ni nani. Nikakata simu.

Hela sizililii. Ninacholia ni ule wembe. Mtu amekaa, ameona alama yangu, ameijua ni yangu, akatafuta wembe. Mi nilikuwa nagombana na wazee kwa ajili yake.

Jumatatu nilimfuata jirani yangu kabla sijafungua meza.

"Shikamoo mzee wangu."

"Marahaba." Akaniangalia usoni. "Imekufa?"

"Imekufa. Naomba unisamehe."

"Kaa kwanza." Akanimiminia chai ya tangawizi kwenye mfuniko wa chupa yake. Hakusema alinionya. Angesema ningepumua. Baadaye akasema kuna mtu upande wa pili wa soko ana bodi kama ile, nzima, twende nikaishike mwenyewe. Tukaenda. Nikaikalisha juani masaa mawili inafanya kazi. Nzima kweli.

Kwa hiyo leo Alhamisi ninavyowaambia, zawadi imekamilika. Iko mezani, kwenye ganda la king'amuzi, na pedi yake moja. Suti inaning'inia mlangoni. Asubuhi ameniandikia: "Mpambe, saa tatu kanisani. Bila wewe mi sisimami." Na najua hapo hadanganyi, ndio maana inauma. Pete nashika mi. Mchungaji atamuuliza mbele za watu kama atakuwa mwaminifu, na mi nimesimama bega kwa bega naye, naujua wembe wake.

Dada anasema niende, ni harusi. Mzee wa chaja ananimiminia chai tu. Basi la Iringa linatoka kesho.

We ungepanda?