Ng'ombe Wawili na Nyayo za Mtoto

Ilikuwa saa mbili na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumanne, muuguzi wa chumba cha plasta katika hospitali moja ya Homa Bay alipomrudisha mama na mtoto wake mlangoni. Nilikuwa nimesimama nyuma yao.

"Mtoto sina shida naye, madam," aliniambia. "Shida ni barua. Hajasajiliwa kaunti hii."

Mtoto alikuwa na miezi miwili. Alizaliwa nyayo zote mbili zimegeukia ndani, na akiachwa hivyo atatembea maisha yake yote akikanyagia kingo za nje za miguu. Tiba yake haina siri. Kila wiki mguu unanyooshwa kidogo kwa mkono, unafungwa plasta, na wiki inayofuata unafunguliwa na kunyooshwa tena. Ukikosa wiki kadhaa, unarudi ulikotoka. Plasta tatu za kwanza alifungiwa Migori, mama alipokuwa bado kwa mumewe. Ya nne haikufungwa. Mume, ambaye hubadilisha pesa mpakani Isebania, alimwambia mkewe kwamba miguu hiyo imetoka kwao na airudishe kwao. Mama akambeba mtoto, akabeba na dawa zake mwenyewe za kifafa, akarudi kwa baba yake karibu na Kendu Bay.

Mimi ni mratibu wa huduma za wagonjwa. Kazi yangu ni kuhakikisha kwamba mama wa namna hii anapata dawa zake, plasta ya mtoto na nauli ya kwenda na kurudi mahali pamoja, siku moja, mapema kabla mambo hayajaharibika. Nilikuwa nimepanga yote hayo. Nilikuwa nimesahau barua ya naibu chifu inayothibitisha mtoto ni wa wapi.

Tulimkuta naibu chifu wa kwao ofisini, anakunywa chai.

"Huyu binti nimemwona akikua," alisema. "Lakini mtoto ni wa Migori. Nitaandikaje mtoto wa watu kuwa wa hapa? Kesho baba yake akija kumdai, nitamwambia nini?"

"Baba yake hajaja hata kumwona."

"Atakuja. Wanaume huja miguu ikishanyooka."

Alicheka. Mimi sikucheka. Nilimpigia simu mwenzake wa Migori.

"Madam, mimi naandika watu wanaoishi kwangu," alisema yule. "Huyo alitoka na virago vyake. Nikiandika anaishi hapa nitakuwa nimedanganya serikali."

"Basi andika kwamba ametoka."

"Barua ya kutoka hatuna."

Kwa wiki tatu mama yule alipanda magari kutoka ofisi hii hadi ile, na miguu ya mwanawe haina plasta. Nilikwenda ofisi ya juu zaidi. Nikaambiwa suala hilo ni nyeti, lisubiri kikao. Nilitaka kuuliza kama mguu nao utaitwa kikaoni, nikanyamaza, kwa sababu mwenye kuhitaji muhuri hatukani mwenye muhuri. Hasira hiyo ninayo hadi leo.

Mwishowe niliwaunganisha manaibu chifu hao wawili kwa simu moja, sauti wazi, mama akisikiliza. Walisalimiana vizuri sana. Waliulizana habari za mvua. Kisha yule wa kwetu akauliza, "Kwani ng'ombe walitoka?"

"Hilo muulize mzee wa huko kwenu," akajibu wa Migori. "Sisi hapa tunasikia walitoka wote."

Hapo ndipo nilipoelewa. Mahari ikiwa imekamilika, mtoto ni wa kwa baba. Ikiwa haijakamilika, ni wa kwa mama, na barua inaandikwa papo hapo. Nimesoma mwongozo wa usajili kuanzia jalada hadi jalada. Hauna ng'ombe hata mmoja. Lakini wanaume wawili waliovaa sare za serikali walikuwa wamekubaliana, bila hata kuambiana, kwamba plasta ya mtoto itafungwa kwa kamba ya ng'ombe.

Tukaenda kwa mzee, baba wa yule mama. Kwa miaka minne alikuwa amewaambia waumini wenzake wa Kisabato kwamba bintiye aliolewa kwa ng'ombe wanane.

"Walikuja wanane," alitujibu pia.

"Wako wapi, mzee?" nikauliza.

"Niliuza."

Mkewe akasema kutoka jikoni, "Uliuza ndotoni?"

"Wewe nyamaza! Nyara," akaniambia, yaani binti yangu, "unataka niseme mwanangu alichukuliwa bure?"

Binti yake alikuwa amekaa na mtoto mapajani. Alisema taratibu, "Baba, kama walikuja wanane, basi mimi nina kwangu. Nirudi Migori jioni hii."

Mzee alimtazama, akautazama mguu wa mjukuu wake. Akaingia ndani, akatoka amevaa koti.

Ofisini kwa naibu chifu palikuwa na foleni, na katika foleni walikuwemo wawili wa kanisani kwake. Mzee angeweza kuomba mlango ufungwe. Alisimama mbele ya meza akasema, "Wawili. Na mmoja alikuwa na jicho moja."

Watu wakacheka. Naibu chifu akaweka kiganja nyuma ya sikio. "Rudia, mzee, sijasikia. Wangapi?"

"Wawili!"

Barua ikaandikwa. Haikuchukua hata dakika tano. Naibu chifu aligonga muhuri mara mbili kwa sababu wa kwanza haukutoka vizuri, akatutakia safari njema.

Jumanne iliyofuata muuguzi aliipokea barua bila kuisoma. Alimlaza mtoto, akaishika miguu, akaigeuza huku na huku. Ilikuwa imerudi karibu kabisa pale ilipoanzia. "Tuanze na ya kwanza," alisema. Mzee, aliyekuja nao, alimshika mjukuu magoti wakati plasta ikikauka.

Niliomba mama arudishiwe nauli aliyotumia kuzunguka, pesa yake ya kuuza omena, dagaa wa ziwani, safari tisa za mia sita. Ombi lilirudi. Safari zote zilikuwa za kabla ya usajili, na kabla ya usajili mtoto hakuwepo. Hazikulipwa: shilingi elfu tano na mia nne.