Nilikuwa refa wa mashindano ya bunduki Bawshar, nikakataa bao la mwenye nyumba wangu

Wakuu, salaam aleikum.

Miaka yote nasoma humu kimya kimya, sijawahi kufungua uzi. Leo Muscat imenyesha kimvua kidogo, wajukuu wamelala mchana, miye nna chai yangu dirishani. Nikaona bora niliseme hili kabla halijanitoka kichwani.

Yalinifika mwenyewe, sikuhadithiwa. Palipo na ukungu nitasema pana ukungu. Ni mambo ya kabla ya mwaka sabini, na mengine siku hizi yananijia kama ndoto niliyoiota kwenye nyumba ya mtu.

Mnisamehe kwa urefu. Naandika kwa kidole kimoja.

Miye mzaliwa wa Unguja. Niliondoka baada ya Mapinduzi ya sitini na nne, kijana wa miaka ishirini na kitu, na sanduku moja. Mfukoni nilikuwa na filimbi. Kule nyumbani nilikuwa refa wa mpira, wa timu za mitaani tu, si refa wa kuandikwa gazetini. Lakini nikipuliza, watu walisimama.

Nilipofika huku Oman nilipokewa Bawshar na shangazi yangu, Bi Zuwena. Mumewe, Bwana Khalfan, alikuwa mtu wa hukohuko aliyewahi kuishi Unguja ujanani, kwa hivyo nyumbani kwao Kiswahili kilikuwa ndiyo lugha ya jikoni na ya kitandani. Kiarabu kilikuwa cha barazani. Na Kiarabu changu miye wakati ule kilikuwa cha msikitini tu. Naweza kusali, siwezi kununua samaki.

Nyinyi mnaoijua Bawshar ya leo, ya majumba na maduka makubwa, isahauni kwanza.

Ilikuwa mitende, mfereji wa maji, nyumba za udongo, na pembeni vilima vya mchanga. Mchana wa joto kila kitu kilitetemeka. Unamuona mtu anakuja kwa mbali, miguu hana, anaelea. Karibu, karibu, kisha miguu inaota. Miezi ya mwanzo nilikuwa nakaa kivulini natazama tu. Nilikuwa sijui kama nimefika au bado nipo njiani.

Haya, bunduki.

Kila sikukuu watu wa Bawshar walikuwa wakishindana kulenga shabaha na watu wa Hail, kule pwani. Si kulenga kwa kukaa mahali pamoja, la. Mpigaji alianza amekaa chini, bunduki mapajani. Kitambaa kikiangushwa, anainuka mbio mpaka kwenye rundo la kwanza la mawe, analala kifudifudi, anapiga. Mbio mpaka rundo la pili, anapiga goti, anapiga. La tatu, anapiga amesimama, na pumzi hana.

Shabaha ilikuwa mifupa ya mabega ya mbuzi, iliyokauka ikawa myeupe pepe, inaning'inia kwenye vijiti.

Na taimu je? Najua kuna kijana ataniuliza hapo chini. Hatukuwa na saa za kisasa, mkuu. Palikuwa na bakuli la shaba lenye kitundu, linaelea kwenye ndoo. Maji yanaingia taratibu. Likizama kabla hujamaliza, risasi zilizobaki si zako tena.

Sasa shida iko hapa.

Bwana Khalfan alikuwa mpigaji mkubwa wa Bawshar. Mpigaji mkubwa wa Hail alikuwa Sheikh Hamed. Na hawa wawili ni wakwe! Salma, binti wa pekee wa shangazi na Bwana Khalfan, aliolewa na mtoto wa Hamed.

Kabla sijafika waligombana juu ya mfupa mmoja. Huyu anasema umepigwa, yule anasema ni upepo. Maneno yakawa makali, bunduki zikainuliwa, watu wakaingia kati. Tangu siku ile Salma hakukanyaga kwao. Alijifungua mtoto wa kwanza Hail, na shangazi hakumuona mjukuu wake. Mwendo wa nusu siku kwa punda, wakuu, ulikuwa kama bahari nzima.

Shangazi ndiye aliyekuwa na fikra. Jioni moja anakuna nazi, nazi adimu iliyotoka sokoni Matrah, akamwambia mumewe bila ya kunyanyua uso:

"Mnatafuta mtu asiye na upande. Si huyu hapa? Hana kabila huku, hana shamba, hata lugha hana. Na kazi yake ni refa."

Bwana Khalfan akanitazama. "Refa wa mpira, Zuwena."

"Kwani mfupa na goli pana tofauti gani? Ama imeingia ama haikuingia."

Mgeni siku ya tatu hupewa jembe. Miye niliambiwa nitoe filimbi.

Nikapelekwa Hail na jirani mmoja wa kunifasiria, kuzungumza na Sheikh Hamed, Bwana Khalfan mwenyewe akibaki nyumbani kwa kiburi. Tukawekeana masharti. Kwenye bakuli wakae watu wawili, mmoja wa kila upande. Filimbi ikilia, bunduki zote chini, na hakuna wa kwenda mbele isipokuwa miye. Mabao yakiwa sawa, ushindi ni wa wageni, kwa heshima.

Sharti la mwisho alilituma Bwana Khalfan: risasi iliyogusa ardhi kabla ya mfupa haihesabiwi. Hamed akacheka, akakubali.

Ikaja sikukuu, na zamu ile Bawshar ndio wenyeji, Hail wageni.

Miye mahali pangu palikuwa nyuma ya mwamba, pembeni ya shabaha. Wapigaji wako mbali, wanaelea kwenye mazigazi kama nilivyokwambieni, kanzu zao nyeupe zinakatika na kuungana. Hujui mtu anakimbia au anayeyuka.

Na kitu ambacho sikukisahau: ukikaa kule mbele, mfupa unacheza kwanza, mlio wa bunduki unakuja baadaye. Unauona mfupa unaruka wenyewe, kimya, kama umeguswa na kidole. Halafu ndiyo, paa! Nilisahau kuogopa. Nilikuwa nimekaa ndani ya kitu kizuri kisicho na sauti.

Kila mtu akimaliza napuliza filimbi, natoka, natazama kila mfupa kwa mkono, naonyesha. Kitambaa cheupe juu, bao. Mikono msalaba, hakuna.

Watu wakapokea. Wakanuna, lakini wakapokea. Nikaanza kujiona niko nyumbani.

Mpigaji wa mwisho akawa Bwana Khalfan. Mfupa wa kwanza alipata. Wa pili alipata. Ikabaki risasi moja. Akipata, Bawshar wameshinda. Akikosa, mabao sawa, na ushindi unakwenda Hail.

Nikaona vumbi.

Kijivumbi kidogo, mbele ya kijiti. Halafu mfupa ukavunjika, nusu ikaanguka. Halafu mlio.

Kule nyuma Bawshar yote ikapiga kelele. Wanawake juu ya kilima cha mchanga wakapiga vigelegele. Nikapuliza filimbi, nikatoka.

Mfupa haukuwa na tundu. Mbele yake palikuwa na jiwe bapa, na juu ya jiwe mchirizi mpya wa risasi, unang'aa. Risasi ilipiga jiwe, kipande cha jiwe kikavunja mfupa. Hakuna aliyeona ila miye.

Wakuu, ningeweza kuligeuza lile jiwe kwa ncha ya kiatu. Basi. Mtu aliyenilaza, aliyenilisha, aliyeninunulia kanzu niliyovaa siku ile, angeshinda. Na nilikuwa sina kwingine pa kwenda duniani.

Nilisimama pale sijui muda gani. Jua lilikuwa jeupe. Nakumbuka nilijisemea, hapa ndipo ile ndoto itakapokatika.

Nikaweka mikono msalaba.

Kelele zikazimika kama moto uliomwagiwa maji. Bwana Khalfan akaja mbele bila ya ruhusa, bunduki mkononi. Nikapuliza filimbi. Hakusimama. Nikapuliza tena, akaitupa bunduki mchangani, akaja mikono mitupu mpaka mbele ya uso wangu.

"Mfupa umevunjika, huoni?"

"Umevunjwa na jiwe, Bwana Khalfan. Risasi imegusa chini. Tazama."

Hakutazama. "Umekula kwangu," akasema polepole, kwa Kiswahili, ili wengine wasifahamu. "Umelala kwangu."

Sheikh Hamed naye alikuwa ashafika, anahema, mtu mzima. Akalitazama jiwe, akanitazama. Kisha, kwa Kiarabu chepesi ili nielewe, akasema, "Leo sikukuu. Mpe mkwe wangu bao lake. Mimi nimeridhia."

Hapo ndipo palipokuwa pagumu kuliko kwanza. Kila mtu alikuwa ananipa njia ya kutoka. Nikamjibu kwa Kiarabu changu kibovu: "Si lako la kumpa, sheikh. Wala si langu."

Bwana Khalfan akamgeukia Hamed. "Sitaki sadaka yako." Akaokota bunduki yake, akaondoka.

Nikatangaza Hail wameshinda. Hakuna aliyeshangilia, hata wao.

Magharibi ile shangazi alinikuta uani, sanduku langu lishatolewa nje. Alinifungia mikate na tende kwenye kitambaa. Alikuwa analia lakini sauti yake haikulia.

"Umeona vizuri, mwanangu? Huna shaka?"

"Sina, shangazi."

"Basi nenda. Usiombe radhi."

Nikaenda zangu Matrah. Mfanyabiashara mmoja wa nguo alinipa kazi ya kukunja vitambaa, nikalala juu ya marobota yake. Miezi ile ndiyo yenye ukungu. Nakumbuka harufu ya vitambaa vipya vya bafta na sauti za soko zinazopita nje kama maji. Sikumuandikia mtu. Nilijua nimeharibu kila kitu, na Salma hatakuja tena.

Asubuhi moja nanyanyua uso, nani yuko mlangoni? Bwana Khalfan. Vumbi mpaka kwenye nyusi.

Hakunisalimia sana. Alishika kitambaa kimoja, akakikunja vibaya, akakiweka.

"Salma yuko kwetu," akasema. "Na mtoto."

Nikakiweka chini kitambaa nilichokuwa nakunja.

"Hamed alimleta mwenyewe wiki moja baada ya ile sikukuu, na tangu hapo huja na kurudi. Akasema, safari hii hatuna la kugombania, hesabu ni safi. Mtoto sasa anatembea, anamvuta shangazi yako shungi." Akakohoa. "Sikukuu inakaribia. Hail wamesema hawaji bila ya weye. Na miye nimewaambia, sisi pia."

Nikamuaga tajiri wangu, nikafunga sanduku.

Tulikwenda na punda wawili. Milima ya Matrah ikabaki nyuma, nyeusi, kisha uwanda mpana, kisha vile vilima vya mchanga vikaanza kuonekana kwa mbali, vinaelea. Ndipo aliponena, macho yake mbele.

"Niliona vumbi."

"Vumbi gani, Bwana Khalfan?"

"Siku ile. Mpigaji huona kabla ya wote. Mfupa haujaanguka, miye nishaona vumbi. Nikajua nimekosa."

Punda wakaenda.

"Ulipotoka nyuma ya mwamba," akaendelea, "nilikuwa naomba Mungu uniongopee. Na nilikuwa naogopa uniongopee. Ungenyanyua kile kitambaa cheupe, wallahi, nisingeweza kula na weye sinia moja tena. Kwa hivyo kwa vyovyote ulikuwa unatoka nyumbani kwangu. Afadhali ulitoka vile."

Nilishika kamba ya punda tu. Nadhani nililia, lakini upepo wa uwanda ule unaliza kila mtu.

Niliendelea kuwa refa wao sikukuu zote mpaka ilipoingia sabini, akaja Sultani mpya na mambo ya nchi yakabadilika. Bwana Khalfan alinipigia kelele kila mara nilipomkatalia bao. Kila mara alirudi kula na miye.

Sasa nilichojifunza, na nyinyi vijana mtanikosoa.

Nilikuwa nikidhani mtu asiye na upande ni mtu asiyependa mtu. Si kweli. Nilimpenda yule mzee kuliko wote waliokuwepo pale uwanjani, na yeye ndiye aliyenifanya niwe mwangalifu na lile jiwe. Ukimpa umpendaye kisicho chake, atakichukua, halafu hatakutazama usoni.

Pia nilijifunza kuwa jibu la haki halikuletei furaha siku ileile. Miye lilinikalisha juu ya marobota kwanza.

Haya, nimemaliza, chai imepoa. Nanyi semeni: mngekuwa nyuma ya ule mwamba, mmelishwa na kuvishwa na mtu, jiwe mngeligeuza? Msinijibu haraka. Na kama yupo humu ambaye babu yake alikuwa akikimbia na bunduki baina ya Bawshar na Hail, ajitokeze. Huenda nilimkatalia bao.