Inalia Kulia

Mafundi wengine wa mtaa ule, wakiletewa gari ambalo usukani wake umelegea, huinua gurudumu kwa jeki, hulishika ubavuni kwa mikono miwili na kulitikisa. Likiwa na mchezo, hata mdogo, hujua tairodi imekwisha, kile kifundo chenye kichwa cha mviringo kinachopeleka amri ya usukani kwenye gurudumu. Fundi Sikio hakuwa na haja na mambo hayo ya kutikisa. Yeye alikaa kwenye kiti, akakata kona mbili tatu, akashuka na jibu. Miaka ishirini na mbili masikio yake ndiyo yaliyomlisha, na gereji yake ilikuwa ya pekee isiyo na redio.

Ila mwaka huo dunia ilianza kumchanganya. Wateja walikula maneno. Mtu akimwita kutoka langoni, yeye aligeukia ukutani na kujikuta anatazamana na paka. Nyumbani mkewe alilalamika kwamba televisheni inapiga kelele, ilhali yeye aliona watangazaji wote siku hizi wananong'ona. Aliwalaumu wote bila kumbagua mtu.

Asubuhi moja dada yake mkubwa, mkunga wa kliniki ya jirani, alimletea gari lake dogo jeupe. Saa nane mchana ilimpasa aondoke na mama yao, wavuke milima kwa barabara ya kona na makorongo, kwa sababu mama alikuwa na miadi ya upasuaji wa jicho kesho yake. Dada alikuwa amenunua kabisa tairodi mbili mpya, ya kushoto na ya kulia. Wakatoka kulijaribu gari, fundi akishika usukani.

"Inalia kulia," dada alisema.

"Najua inalia. Si ndiyo maana umeileta?"

"Nasema inalia kulia!"

"Haya, inalia sana, nimekubali. Upande gani?"

"Mungu wangu! Kulia! Upande wa kulia!"

Fundi alicheka mpaka akakaribia kupanda ukingo wa barabara. Kisha akakata kona na kutega sikio. Tak, tak. Ilitoka kushoto, wazi kabisa.

"Ni kushoto, dada."

"Mdogo wangu, mimi ndiye ninayeendesha gari hii kila siku."

"Wewe shika uzazi, niachie mimi vyuma."

Hakulitikisa gurudumu. Alikwisha kusikia, atikise nini? Alichomoa pini, akafungua nati, akapiga nyundo ubavuni mpaka shina la tairodi likaruka kutoka mahali pake. Alipoizungusha kuitoa alihesabu kwa sauti: mizunguko kumi na saba na nusu. Mpya nayo aliiingiza kumi na saba na nusu, maana ukikosea hesabu magurudumu hugeuziana migongo kama mume na mke waliogombana. Alifanya kazi safi, hilo asinyimwe.

Wakatoka tena. Tak, tak. Kushoto kulekule.

"Nilikwambia," dada alisema.

Fundi aligeuza gari kurudi gereji. Waliporudi aliiokota ile tairodi ya zamani sakafuni. Tairodi iliyokufa, ukiigusa, shina lake huanguka upande. Hii ilisimama kidete; hata mpira wake haukuchanika, wala grisi haikuvuja. Alikuwa ameng'oa jino zima. Aliigeuza na kuigeuza, asijue amlaumu nani. Saa saba ilikuwa imepita, na mama alikuwa amepiga simu kusema amekwisha vaa viatu.

Akaingia uvunguni, akalala chali. "Zungusha usukani, dada! Huku na huku, usiache!"

Tak, tak. Upande wake wa kushoto mchomeleaji wa jirani alianza kukata bomba, na kelele zile zikamkera. Akachomeka kidole katika sikio la kushoto azizibe.

Kila kitu kikanyamaza.

"Mbona umeacha?" akafoka.

Lakini juu ya pua yake chuma cha usukani kilikuwa kinakwenda na kurudi, kinakwenda na kurudi. Akatoa kidole: tak, tak. Akakirudisha: hakuna kitu. Alifanya hivyo mara nne, kama mtoto aliyegundua swichi ya taa. Hakuelewa. Kisha akaelewa, akatamani asingeelewa, na hofu ikamshika pale pale sakafuni. Sauti za dunia nzima zilikuwa zikimjia kwa mlango mmoja, sikio la kushoto, naye akadhani kila kitu kiko mlangoni hapo.

Akanyoosha mkono akaishika tairodi ya kulia. Iligonga ndani ya kiganja chake. Ilikuwa imekwisha kabisa, na kona moja ya milimani ingetosha kuimaliza.

Aliibadilisha. Hakuhesabu kwa sauti. Alipomaliza alijifuta mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akafungua mlango wa dereva na kumwambia dada ashuke.

"Nishuke niende wapi?"

"Chuchumaa hapo karibu na gurudumu. Mimi nitazungusha, wewe usikilize."

Dada alimtazama. Mwanamke aliyezoea kusikiliza mapigo ya moyo ya watoto ambao hawajazaliwa hakuhitaji kuelezwa mara mbili. Alikunja gauni, akachuchumaa kwenye vumbi na mafuta, akainamisha kichwa. Fundi akaingia kwenye kiti, akazungusha usukani kushoto, akazungusha kulia. Hakusikia kitu.

"Unasikia nini?"

"Kimya."

"Upande wa kulia?"

Dada akazunguka, akasikiliza huko nako, akasimama. "Kimya, mdogo wangu. Pande zote."

Mikono ya fundi haikutaka kuachia usukani. "Una hakika?" akauliza, swali ambalo miaka yote hiyo wenye magari walikuwa wakimwuliza yeye.