Kibao cha Kambi Mawe

Gari la kazi la baba lilinuka rangi mbichi. Ilikuwa likizo ya Agosti, kaunti ikiwa bado changa, na baba, dereva wa serikali hiyo mpya, alikuwa ametumwa kusimamisha vibao vya majina ya vijiji njia nzima kutoka Isiolo hadi Korbesa. Vibao vya chuma viligongana nyuma kila tulipoingia shimo. Mbele alikaa shangazi Talaso, dada yake mkubwa, aliyeomba lifti na asinyamaze hata kidogo. Bonde hili, alisema, lilipata jina kwa mama aliyejifungua mapacha wakati wa kuhama. Mlima ule, kwa fahali mweusi aliyegoma kuupanda. Mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi, mzaliwa wa Bulla Pesa, mtaa wa mjini Isiolo, na kwangu huko kote kulikuwa mawe na miiba tu.

Mambo yaliharibika tuliposimama penye kisima kikuukuu kilichojaa mchanga, karibu na vibanda vitatu vya biashara. Baba alichimba shimo, kisha akashusha kibao kilichoandikwa Kambi Mawe, jina lililoachwa na wajenzi wa barabara. Shangazi alishuka, akaingia ndani ya lile shimo na viatu vyake vya Idi.

"Boru, hii kibao si ya hapa. Hapa ni Ela Guyo, kisima ya Guyo. Babu yetu alichimba na mikono yake. Wewe umezaliwa hapa, wallahi, mimi ndio nilikubeba kwa mgongo tukihama."

"Dada, orodha imeandikwa hivyo. Mimi natumwa tu."

"Basi simamisha juu yangu."

Alisimama juani muda mrefu, hadi baba akamshika mkono na kumtoa taratibu. Kibao kikasimama. Shangazi hakutusemesha mpaka Korbesa, na mimi, njaa ikiniuma, nilimwona msumbufu. Leo naona aibu.

Shangazi alishafariki. Kambi Mawe sasa ina shule na zahanati, na watoto wa huko hulitaja jina hilo kwa fahari. Mwaka jana nilimsindikiza baba, ambaye amestaafu, kwenda kubadilisha kitambulisho. Kijana wa ofisini alimuuliza alizaliwa wapi.

"Ela Guyo."

Kijana alitafuta kwenye kompyuta, akatafuta tena.

"Mzee, hakuna mahali panaitwa hivyo. Huko kuna Kambi Mawe tu."



"Andika hiyo," baba akasema.