Tableti ya Kusemea kwa Mikono Miwili

Bi Pindo alipata jina hilo kwa ushonaji. Suruali ya mtu ikiburuza chini, yeye ndiye wa kuipandisha, na akishaipandisha haishuki tena. Mdomo wake nao ulikuwa mkasi. Ila akifika nyumbani aliuweka kando, maana binti yake wa pekee hakusikia tangu utotoni, na wawili hao walisemezana kwa mikono. Walitaniana kwa mikono, wakagombana kwa mikono. Ugomvi ukikolea, binti hufumba macho, basi, mama anabaki kupunga hewa.

Sasa binti alikuwa amepata kazi ya ualimu mji wa mbali, safari ya kutwa nzima, na shida ikaanzia hapo. Simu ya Bi Pindo ilikuwa ndogo kama kipande cha sabuni. Akiishika kwa mkono mmoja, unabaki mmoja wa kusema, na nani amewahi kusema yaliyomjaa kwa nusu ya mdomo? Akiiegemeza kwenye cherehani, inateleza. Binti aliona mara kidevu, mara dari, mara kidole gumba. Jioni moja akaandika: "Mama, tuwe tunaandikiana tu. Kuonana hivi kunachosha."

Bi Pindo aliusoma ujumbe ule mara tatu. Kuandikiana! Kwa kuandika, binti huyo alikuwa mtu wa "niko salama" na "sawa mama". Ya moyoni hayakuwahi kumtoka hivyo. Akikubali hili, mama atabaki na mtoto wa salamu. Asubuhi yake akafunika cherehani, akaenda duka la simu kutafuta tableti.

Muuzaji alikuwa mtu mzima mwenye kitambi na maneno matamu.

"Dada, chukua hii. Inaweka filamu mia tano."

"Nizitazame lini, nikiwa kaburini?"

"Basi hii. Michezo yote inakimbia, haikwami."

"Kaka, magoti yangu yenyewe yamekwama. Michezo ya nini?"

Muuzaji akacheka, akatoa nyingine, nyembamba kama biskuti. "Hii sasa kamera yake ya nyuma ni moto. Unapiga nzi, unamwona mpaka kucha."

"Na ya mbele?"

"Ya mbele ni ya kawaida tu, dada. Watu huulizia ya nyuma."

"Mimi nataka ya mbele. Nzi sina habari naye."

Akaiegemeza kwenye boksi juu ya kaunta, akarudi nyuma hatua mbili, akaanza kusema kwa mikono huku akijitazama kwenye kioo. Vidole vikawa moshi. Kila akivizungusha, vinaacha mkia.

"Mwone mlevi huyo," alisema. "Ondoa."

Muuzaji hakuiondoa. Aliuliza taratibu, "Dada, unataka kuongea na nani?"

"Na binti yangu. Hasikii. Maneno yake yako kwenye vidole, na mimi nataka kuviona vyote kumi."

Maneno matamu yakamwishia. Alirudisha zote tatu kwenye kabati, akainama chini ya kaunta, akaibuka na moja pana, nene, yenye mguu wa kukunjua mgongoni.

"Hii haipendwi. Wanasema nzito kama tofali. Lakini inasimama yenyewe, na kamera ya mbele inachukua upana. Usiniamini mimi. Mpigie."

Akaiunganisha na mtandao wa duka, wakaweka namba ya Bi Pindo, wakapiga. Binti alitokea amekunja uso, kidole tayari kukata. Kisha akasita. Akaiweka simu yake mezani, akaiegemeza kwenye vitabu.

"Mama, uko wapi? Nakuona mpaka viwiko!"

"Dukani. Habari za huko? Na usiniambie salama."

Mikono ya binti ikaanza, polepole, kisha kwa kasi. Walimu wenzake wanaongea kwa midomo tu. Wakati wa kula wanacheka, yeye hajui wanacheka nini, hivyo huenda kukaa peke yake dirishani. Aliandika salama kwa sababu aliogopa mama angepanda basi.

"Ungekuja ukawatukana."

"Ningewatukana vizuri sana," alijibu Bi Pindo, na macho yakamlowa. Hakuyafuta. Mikono ilikuwa na kazi. "Kila siku ukitoka darasani nitakuwa nimekaa mbele yako. Utanisimulia mpaka uchoke."

"Nina mengi, mama. Utachoka wewe."

"Nani? Mimi? Kwani nina haraka?"

Binti aliangua kicheko mpaka mabega yakatikisika. "Wewe? Wewe ulizaliwa na haraka!" Akavuta kiti karibu, akaanza kumsimulia mtoto mmoja wa darasa la kwanza anayemfuata kila mahali, akijifunza kuuliza maswali kwa mikono.

Muuzaji alikuwa amesimama pembeni, boksi mkononi.

"Dada, niifunge?"

"Subiri, kaka," Bi Pindo alisema bila kugeuka. "Mwanangu hajamaliza."