Hakimu wa Mzee Zephania

Jumamosi za lokidauni ya 2021 nazikumbuka kwa sauti kuliko kwa sura. Sauti ya Mzee Zephania, jirani yetu wa ghorofa ya chini hapa Guildford, ughaibuni, ikitoka kwenye simu niliyoiegemeza kwenye sufuria: "Haya, wote mko tayari? Tatu, mbili, moja, bonyeza."

Tulibonyeza pamoja, kila mtu kwake, filamu ileile ya Kichina, tukazima sauti yake ili Mzee atutafsirie kwenye simu. Ujanani, kule Mwanza, Mzee alikuwa mtafsiri kwenye banda la video. Picha inakwenda, yeye ameshika maiki anaieleza kwa Kiswahili, anamsemea baba mkwe, anamsemea bibi harusi, hata farasi. Kichina chenyewe hakijui. Hope wangu, wakati ule ana miaka mitano, alicheka mpaka akakohoa, ingawa mimi nikimsemesha Kiswahili alinijibu kwa Kiingereza tu.

Niliyoipenda zaidi ilikuwa ya hakimu wa zamani. Mji una tauni, mjane kavunja ghala la serikali, kachukua mchele wa kuwalisha watoto wake. Sheria inataka viboko arobaini. Hapo Mzee akapunguza sauti. Akasema kule China palikuwa na mwalimu, Konfusio, aliyefundisha kwamba mkubwa awe na utu kwanza. Akiwa nao, walio chini yake watamfuata bila fimbo. Basi hakimu akavua kofia yake ya cheo, akaiweka sakafuni. "Mjane huyu ameiba kwa sababu mimi nililala. Viboko ni vyangu."

Wanjugu, jirani yangu wa mlango wa mbele, akadakia: "Ai, mzee, huyo mlete kwetu Nyeri awe gavana."

Siku za kazi Mzee alikuwa kiongozi wetu wa usafi kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Tulikuwa watu saba, na funguo zote alizibeba yeye.

Jumapili moja Wanjugu akaanza mafua. Watu wakasema chakula kiachwe mlangoni. Sikuweza. Mgonjwa humwekei uji chini kama paka. Niliingia, nikamshikia kikombe. Kesho yake kazini, fomu ya mlangoni iliuliza kama nimeingia nyumba ya mtu mwingine. Nikaweka alama ya hapana. Sikuona kama nadanganya. Milango yetu inatazamana, chumvi yangu iko kwake na ungo wake uko kwangu.

Jumanne majibu ya Wanjugu yakatoka. Ana korona. Nikampigia Mzee.

"Mzee, juzi niliingia kwake."

"Kazini jana ulivaa barakoa?"

"Sikuivua hata mara moja."

"Nenda kapime, halafu ukae ndani. Meneja nampigia mimi sasa hivi."

Alhamisi meneja alituita mimi na Mzee kwa simu ya video. Akasema nimejaza uongo, na mtu wa hivyo hawezi kukaa karibu na wazee. Nilimwangalia Hope anachora sakafuni. Kazi ile ndiyo iliyotulisha, mimi na yeye tu. Mzee akamwacha meneja amalize. Kisha, kwa Kiingereza chake cha polepole, akasema kuwafafanulia watu wake ile fomu ilikuwa kazi yake, na hakuifanya. Aliwagawia makaratasi tu. Kosa liandikwe kwake.

Vipimo vyangu vilitoka safi, wala hakuna mzee aliyeugua. Baada ya siku kumi na nne nilirudi kazini. Nikamkuta Mzee Zephania anasukuma toroli la mashuka. Funguo alikuwa nazo mtu mwingine.

"Mzee..."

"Mama Hope, zile funguo zilikuwa zinanitoboa mfuko. Shika upande huo, tusukume."

Mwaka uliofuata alihamia mtaa wa Minto, kwa binti yake. Juzi mimi na Wanjugu tulimkumbuka, tukaitafuta ile filamu. Safari hii ilikuwa na maandishi ya Kiingereza chini, Wanjugu akawa ananitafsiria. Tulipofika kwa mjane nikaweka chai yangu mezani. Hakimu alisoma sheria, akafunga kitabu. Mjane akapigwa viboko vyake arobaini. Kofia ilibaki kichwani mpaka mwisho.

"Huyu mzee alitudanganya mchana kweupe," Wanjugu akasema, anafuta macho.

Nikairudisha nyuma, nikazima sauti. Hope akaja kujibana katikati yetu.

"Tatu, mbili, moja, bonyeza," akasema, kwa Kiswahili.

Nikabonyeza, nikaanza kumsemea hakimu.